Ubani Ndani ya Injini

Tulipotoka kwenye matanga ya shangazi Rukia, baibui langu lilikuwa limejaa moshi wa ubani, na gari tulilopanda lilikuwa likinuka petroli kutoka mahali fulani chini ya kiti. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu. Nikamwambia dereva asimame, nikashuka, nikatapika kando ya barabara mbele ya watu. Mama, aliyekaa kiti cha mbele, akasema nimezidiwa na uchungu wa kufiwa. Yeye ndiye aliyelia kwa sauti kuliko watu wote katika matanga yale, mpaka wanawake wa Kisauni wakamshika mikono, na mimi nilikuwa nimekaa ukutani nikiyatazama machozi yake na kuyachukia.

Wenzangu tuliokua pamoja Mji wa Kale, najua ubani kwenu ni harufu nzuri. Ni Alhamisi jioni, ni mgeni anayekaribishwa, ni nguo za mtoto mchanga. Kwangu mimi ni harufu ya gari lililokataa kuwaka, na ya mtu aliyefukuzwa kwa sababu yake. Nitasimulia ilivyokuwa, na sitampamba mtu.

Najua mtu wa bara akisikia habari ya baridi ya Mombasa hucheka mpaka akajishika mbavu. Acheke. Sisi tunakijua kipupwe. Kusi hupuliza kutoka baharini wiki nzima, manyunyu huanguka alfajiri wakati watu wanatoka msikitini, na unyevu wenye chumvi huingia kila mahali. Kuta za mawe hutoka jasho. Sukari hugandana koponi. Mama angeweza kukwaruza kiberiti mpaka vijiti vikaisha na jiko bado halijawashwa. Watoto tulivaa sweta za shule na kuona fahari, kwa kuwa miezi mingine sweta zile zilikuwa adhabu.

Baba alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo kule Kilindini. Mwaka ule alinunua gari, jeupe, kuukuu, kutoka kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihamia ng'ambo. Mtaani kwetu wenye magari walikuwa wachache, na vichochoro vyenyewe havikujengewa magari. Letu lilikuwa likilazwa katika kiwanja kidogo mbele ya nyumba, nje, wazi, likinyeshewa na kupakwa chumvi usiku kucha. Asubuhi baba alinipeleka shule Kizingo, ambako watoto wengine wote walishuka kwenye magari, kisha akaenda kazini. Mama alilipenda gari lile kuliko baba alivyolipenda. Alilipangusa vumbi kwa upindo wa leso yake, na akipita mtu alipangusa polepole zaidi.

Nyumba ilikuwa ya babu. Sisi tulikaa juu. Chini, katika chumba cha mbele ambacho mlango wake ulitazama kile kiwanja, alikaa shangazi Rukia, dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na enzi za uhai wake walisafiri pamoja hadi mipakani, yeye amekaa pembeni ya usukani akimmenyea machungwa. Baada ya mume kufa alirudi nyumbani kwao, akawa anashona vikuba, vishada vya maua ya asumini, na kuwauzia wenye harusi. Mimi mchana kutwa nilikuwa chumbani kwake. Nilimpenda, lakini sisemi alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali na aliufurahia. Tangu gari liingie alikuwa akimwita mama "mke wa gari", na si kwa siri.

Siku gari lilipoletwa, majirani walilizunguka wakisema mashaallah, mashaallah. Shangazi akatoka, akalipiga boneti makofi mawili kama mtu anayempima mbuzi, akasema ni gari zuri, litawatia watu kiburi, kisha akarudi ndani kwa maua yake. Hakusema mashaallah, ya kukikinga kitu na jicho la hasidi. Mama aliliweka neno hilo kifuani na kulifungia.

Kipupwe kilipoingia, gari likagoma. Asubuhi ya kwanza baba alivuta choki, akageuza ufunguo, stata ikalia na kulia lakini injini haikushika. Kila mwanamume aliyetoka msikitini alikuwa fundi siku hiyo. Mmoja alisema betri imekufa, ingawa stata ilikuwa ikizunguka vizuri masikioni mwa wote. Mwingine alisema ni plagi. Wa tatu alisema choki imezidi, injini imelewa petroli, iachwe ipumzike. Wakalisukuma hadi mwisho wa kiwanja, wakalisukuma kurudi, wakachafuka kanzu zao, wakaenda zao. Baba alikwenda kazini kwa miguu na mimi nikakosa shule. Kwenye saa nne, jua lilipotoka, alirudi na fundi. Fundi aligeuza ufunguo mara moja tu, gari likanguruma. Akatutazama sote kama watu waliompotezea wakati.

Ikawa ndivyo kila asubuhi ya manyunyu. Betri ilibadilishwa, plagi zikabadilishwa, na mchana gari lilikwenda bila lawama. Baba alianza kugombezwa na mkubwa wake huko Kilindini, na alipogombezwa huko alikuja kunyamaza huku. Mama ndiye aliyefikiri. Alisimama jikoni na mwiko mkononi akatoa hukumu.

"Gari hino haiumwi mtana, yaumwa asubuhi tu. Sasa niambiani, nani aiangaliaye asubuhi?"

Jibu tulilijua sote. Shangazi alifungua mlango wake kabla ya jua ili apokee asumini mbichi kutoka kwa mtu wa mashamba, na mlango ukifunguliwa, kitu cha kwanza mbele ya macho yake kilikuwa lile gari.

Mama akachukua pilipili kavu na chumvi ya mawe, akalizungushia gari akisoma, akavitupa kwenye makaa. Mnaijua kanuni: pilipili ikiungua na watu wasikohoe, basi pana jicho. Hatukukohoa hata mmoja. Leo nacheka kwa hasira nikikumbuka, maana pilipili zenyewe zilikuwa zimelala wiki tatu katika kabati lenye unyevu na zimeota ukungu. Zingemkohoza nani? Lakini mama aliwatazama majirani mmoja mmoja kuhakikisha wameona.

Kisha akaleta chetezo. Akakijaza makaa mekundu, akatia ubani, akakisimamisha ndani ya boneti, pembeni ya injini, akafunika juu kwa kanga nzito ili moshi usipotee. Mpaka leo sijui kwa nini hatukulipuka. Tulikunywa chai. Tulipomaliza, baba aliondoa chetezo, akaketi, akageuza ufunguo, na gari likawaka papo hapo, kama lilikuwa likisubiri kuombwa vizuri. Mama alipiga kigelegele. Kutoka siku hiyo hapakuwa na mjadala tena nyumbani kwetu. Kilichokuwa shaka sasa kilikuwa na ushahidi, na ushahidi ulipatikana upya kila asubuhi mbele ya mtaa mzima. Gari likikataa, chetezo kinaingia. Chetezo kikitoka, gari linawaka. Nani angebisha?

Basi vita vikaanza. Mama alishuka ngazi amejifunga kanga iliyoandikwa Hasidi hana sababu, akapita mbele ya mlango wa shangazi akaenda dukani asikokuwa na haja nako. Kesho yake shangazi alianika nje kanga yake, Wema umeniponza, maandishi yakitazama juu madirishani kwetu. Vyombo vya chakula havikupelekwa tena chini. Ndoo ya maji machafu ilimwagwa karibu na maua. Mimi nilikatazwa kuingia chumbani kwake, na nilipopita aliniita kwa sauti ya chini, nami nikapita nikiangalia sakafu, kwa kuwa niliamini. Lazima niseme hivyo. Nililiona gari likiwaka kwa macho yangu.

Siku moja, mama akiwa amesimama na chetezo, shangazi alitoka hadi kizingitini. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani alitaka kumaliza ugomvi kwa njia aliyoijua.

"Wifi, gari yenu yaingia maji, haina jingine. Zipangusani waya zake kwa kitambaa kikavu, itawaka. Huo moshi wauharibu bure."

Mama alipanda juu na uso wake umebadilika, akakaa kitako, akasema polepole neno moja ambalo lilimmaliza shangazi. "Amejuaje?"

Amejuaje mwanamke anayeshona maua, ugonjwa wa gari ambao mafundi hawakuujua? Hajui dawa ila aliyetia sumu. Watu waliohadithiwa waliguna. Hata mimi niliguna, nikiwa na miaka tisa, nikisahau lori na safari zile za mipakani ambazo shangazi mwenyewe alinihadithia mara ngapi sijui, nikiwa nimelaza kichwa mapajani pake.

Sasa nije kwa baba.

Mchana mmoja alikuja kunichukua shule na mvua ilikuwa imenyesha kwa ghafla. Gari lilikuwa chini ya miti, kule Kizingo kwenye majumba makubwa yenye bustani, ambako hakuna mtu anayetembea. Akageuza ufunguo, gari likakataa. Nikaanza kuogopa, nikiwaza tutapata wapi chetezo. Baba alitazama nyuma, akatazama mbele, akashuka, akafungua boneti. Nami nikashuka nikasimama ubavuni pake. Alibandua vibano viwili, akang'oa kifuniko cheusi kilichochomekwa waya nene, akatoa leso yake ya mfukoni, akakifuta ndani taratibu, akakipulizia pumzi, akafuta tena, akakirudisha. Mikono yake haikusita hata mara moja. Gari likawaka. Kabla hatujaondoka, akaniambia bila kunitazama, "Usimwambie mama yako."

Nilijiona mkubwa siku ile. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani jicho la shangazi limetufuata hadi Kizingo, na baba, kwa mapenzi ya dada yake, hataki mama ajue kwamba jicho lenyewe lina nguvu kiasi hicho. Nilidhani tunamficha shangazi, mimi na baba. Nilimpenda baba kwa huruma yake. Jioni nilikaa karibu naye wakati wa kula, nikamchagulia mnofu mzuri wa samaki.

Nilikuwa mwanamke mzima, nina gari langu, ndipo fundi mmoja aliponionyesha kifuniko cha namna ile ile, chenye ufa mwembamba, na kuniambia kwamba unyevu ukiingia humo umeme hupotea na gari haliwaki mpaka pakauke. Ukikipangusa, au ukikipasha moto kidogo, basi. Alisema hivyo kama jambo la kila siku. Niliomba maji ya kunywa. Nikakaa juu ya tairi kuukuu pale gereji, nikaiona mikono ya baba ikifanya kazi bila kusita, na nikajua kwamba alijua. Makaa ya mama yalikuwa yakikausha kifuniko kila asubuhi, na baba alikuwa akiketi nyuma ya usukani na kuacha ubani upewe sifa na dada yake apewe lawama.

Mama alipotoa neno la mwisho, yeye au Rukia, ilikuwa Ijumaa baada ya chakula. Shangazi aliitwa juu. Alipanda na baibui lake jeusi la kutokea, kana kwamba anakwenda ugenini. Mama alisema yote: mashaallah iliyokosekana, pilipili, moshi, na lile la amejuaje. Shangazi hakumtazama hata kidogo. Alimgeukia baba.

"Mamako alipokufa nalikulea mimi. La mkeo sikuulizi. Nakuuliza wewe, kwa mdomo wako: mato yangu ndiyo yazimao gari yako?"

Baba alikuwa akizungusha saa yake mkononi. Nilisimama mlangoni, nikimwangalia, nikingoja. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba si macho ni maji, na alikuwa nayo. Angeweza kuisema kwa utani, angeweza kuisema kwa aibu, angeweza kutoa leso mfukoni akatuteremsha sote kiwanjani akatuonyesha. Alisema, "Dada, mimi sitaki maneno ndani ya nyumba."

Shangazi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akasema, basi waniambia nitoke. Baba hakusema toka, wala hakusema kaa.

Alihama kabla ya mwisho wa wiki. Baba alijitolea kumpeleka Kisauni kwa gari, pamoja na kitanda chake, na nadhani alijiona mtu mwema kwa kujitolea huko. Shangazi alikuwa amekwisha kumwita mtu wa mkokoteni. Aliwaambia watu waliokusanyika, kwa sauti ambayo mama aliisikia dirishani, "Gari yao isije ikazimika ndiani wakasema ni mimi." Wengine walicheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Aliutembea mtaa wote nyuma ya mkokoteni, mkono mmoja umeshika godoro lisianguke, na hakuna mlango uliofunguliwa kumuaga.

Chumba chake, mnadhani kilifanywa nini? Kama angalau kingepangishwa, ningeelewa uroho, uroho una maana yake. Kiliwekwa matairi na ndoo. Aliondolewa nyumbani kwa baba yake ili mdogo wake ale chakula chake cha jioni kwa amani.

Nilimuuliza baba, miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa na hana pa kukimbilia. Nilimtajia Kizingo, kifuniko, leso. Alikumbuka. Hakukana, na kwa hilo namshukuru. Alisema, "Ningesema nini? Mama yako angejiona mjinga mbele ya mtaa." Kwake hiyo ilikuwa sababu iliyokamilika. Nilimwekea mto vizuri kwa kuwa nilikuwa binti yake, nikatoka nje, na sijamsamehe. Watu huniambia marehemu husamehewa. Wao hawakuwa mlangoni siku ile.

Lakini bado sijamaliza, kwa maana kipupwe kilikuwa hakijaisha.

Baada ya shangazi kuhama tulipata asubuhi kadhaa za ukavu. Gari likawaka kila siku, na mama akatembea kwa majirani akihesabiwa haki. Halafu manyunyu yakarudi, na gari likakataa. Baba aligeuza ufunguo, stata ikalia, injini ikanyamaza. Mlango wa chini ulikuwa na kufuli. Hapakuwa na mtu kizingitini. Mama alisimama katikati ya kiwanja, leso kichwani, akatazama huku na huku, na nikaona, hata kwa umri ule, kwamba anatafuta.

Mimi nilikuwa dirishani juu. Nilikuwa nimetazama chini tangu alfajiri, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku tangu shangazi aondoke, nikikiangalia kizingiti chake. Mama aliinua uso. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Teremka wewe," akasema. Na nilipofika chini akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akayachungua macho yangu. "Mato ni yake yeye, haya."

Alinizungushia pilipili na chumvi kichwani mbele ya watu waliotoka msikitini. Zilipotupwa kwenye makaa hakuna aliyekohoa. Mimi nilijaribu. Nilikohoa kwa kujilazimisha, tena na tena, na mama akasema huko si kukohoa. Nikamgeukia baba. Alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, leso yake imechungulia mfukoni mwa shati, kifuniko kiko mbele yake umbali wa mkono. Akaniangalia, akamwangalia mama. Kisha akasema chetezo kiletwe, watu wamechelewa.

Gari liliwaka. Mama akaamua kwamba kwa usalama wa gari nisilipande tena, wala nisisimame dirishani asubuhi, na kuanzia siku ya pili nikaenda shule kwa miguu. Nilikuwa nimefika karibu na Ngome ya Yesu, soksi zimelowa, ninatembea nimeinamisha kichwa ili nisiyatazame magari ya watu, ndipo nikasikia injini ninayoijua ikija nyuma yangu. Baba alinipita polepole, vioo vimepandishwa. Alipiga honi, mara moja, kwa upole, kama anavyosalimiwa jirani. Nami nikafumba macho kwanza, nikayafumba kabisa, ndipo nikampungia mkono, nikiomba nisije nikalizima gari lake.